Kahawa Iliyolala Nje

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda kilima cha Nyakashozi, Kokugonza alibeba ndoo ya maganda ya ndizi kichwani na kushuka kwa babu yake. Maganda yalikuwa chakula cha mbuzi. Angalau hivyo ndivyo babu alivyoambiwa.

Kokugonza alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kwao ni upande wa Ihanda, wilayani Karagwe, ambako kila nyumba imezungukwa na migomba na mibuni. Babu yake, mzee Byabato, aliishi peke yake chini ya shamba, hatua kama mia mbili kutoka njia ya kwenda shule.

Bibi alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Alifia njiani, akiwa amebebwa kwenye machela, kwa sababu gari la wagonjwa liliishia ng'ambo ya daraja bovu. Daraja hilo wakubwa walikuwa wameliahidi katika mikutano mitatu, na katika mikutano yote mitatu watu walipiga makofi. Tangu msiba huo mzee Byabato alikuwa na neno moja tu.

"Mimi simngojei mtu," alisema.

Na kweli hakumngojea mtu. Alilima mwenyewe, akapika mwenyewe, akaanika kahawa yake mwenyewe. Maji pia aliteka mwenyewe kwenye chemchemi ya bondeni, na umri wake ulikuwa miaka sabini na minane. Bomba la kitongoji lilikuwepo, tena limejengewa vizuri na kupakwa rangi ya bluu, lakini lilikuwa halijatoa hata tone kwa miaka mitatu.

Mwezi wa tano babu alianguka jikoni kwake. Hakumwambia mtu yeyote. Walijua Jumapili kanisani, alipovua kofia na watu wakaona uvimbe kwenye paji la uso.

"Baba, hii nini?" aliuliza Dastan, baba yake Kokugonza.

"Mlango umenigonga."

"Mlango unagonga mtu juu namna hiyo?"

"Wa kwangu unagonga. Imba, wenzako wanaimba."

Shangazi Adventina, aliyekuwa akiishi Mwanza, aliposikia habari hiyo alituma simu ndogo yenye kamba ya kuvaa shingoni na kitufe kikubwa chekundu. Mzee akianguka, angebonyeza kitufe na simu ya Dastan ingelia. Babu aliigeuzageuza mkononi.

"Adventina ananiona mimi ni ng'ombe wa kufungwa kengele?" aliuliza. Kisha akaitundika kwenye msumari ukutani, nyuma ya kalenda, na Dastan akawa anaichaji kila Jumapili.

Ndipo Dastan na mkewe Vero walipokaa na kupanga mpango wao.

"Koku, wewe utampelekea mbuzi maganda kila asubuhi," mama alimwambia. "Ukifika, msalimie. Mwangalie anavyotembea. Angalia kama amekula. Ongea naye kidogo ndipo uondoke. Lakini asijue kwamba tumekutuma. Akijua tunamchunga, atatufungia mlango."

"Akiniuliza?"

"Mwambie mbuzi wana njaa."

Baba alikuwa dereva wa bodaboda, naye aliondoka alfajiri. Mama naye alitoka mapema kwenda kuchuma kahawa shamba la ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo walikubaliana kwamba Kokugonza akitoka kwa babu apande hadi kwenye jiwe kubwa lililo njiani, na kutoka pale apige kelele moja: "Kaamka!" Mama angeisikia, naye angempigia baba simu kumtoa wasiwasi.

Wiki mbili za kwanza Kokugonza alifanya kazi yake vizuri. Alishuka, akasalimia, akamwaga maganda, akamwangalia babu bila kuonekana anamwangalia. Babu naye alimzoea. Alimwachia kiazi cha kuchoma kwenye majivu.

"Umekuja na maganda tu, au na salamu pia?" angeuliza.

"Na salamu, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kula hicho kiazi, huko shuleni wanawalisha uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo."

Lakini mwezi wa saba ulipoingia, asubuhi zikawa za baridi kali. Umande kwenye migomba ulilowesha sketi yake hadi kiunoni. Akichelewa kuhesabiwa namba shuleni, adhabu ilikuwa kwenda kuteka maji, maana bomba la shule nalo lilikuwa kavu. Na Mugisha, mvulana wa darasa lake, alimpa jina.

"Askari Maganda kafika!" alipaza sauti kila alipomwona. "Jamani, mbona kunanuka mbuzi?"

Darasa zima lilicheka. Kokugonza naye alijifanya kucheka, lakini hakupenda.

Siku moja alisimama kwenye jiwe akaona moshi ukitoka kwenye jiko la babu, kule chini. Akawaza: moto hauwezi kuwashwa na mbuzi. Babu yupo, mzima. Sasa nishuke nikalowe kwa ajili gani? Akamwaga maganda kwenye mtaro wa shamba, akaficha ndoo vichakani, akajaza kifua hewa.

"Kaamka!"

"Haya, asante mwanangu!" sauti ya mama ilirudi kutoka ng'ambo.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Kesho yake alifanya tena, na keshokutwa pia. Jumapili baada ya ibada babu alimwita pembeni.

"Siku hizi kwenu hamli ndizi? Mbuzi wangu hawaoni maganda."

Kokugonza alitazama chini. "Tunakula wali, babu."

"Wali!" Babu alishika kiuno kama aliyesikia habari ya msiba. "Wiki nzima? Dastan ameoa au ameajiri mpishi wa hoteli?"

Kokugonza alicheka, akaponea hapo. Lakini moyoni lilibaki jambo kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Zilipita wiki mbili hivyo. Ikafika Alhamisi moja ya ukungu mzito. Kokugonza na rafiki yake Kansiime walifika kwenye jiwe saa kumi na mbili na nusu. Bonde lote lilikuwa jeupe. Paa la babu halikuonekana, wala moshi. Kokugonza alisimama akanyoosha shingo. Ukungu ulipopasuka kidogo aliuona uwanja wa babu, na katikati yake turubai lenye kahawa iliyotandazwa vizuri.

"Keshaanika," alisema kwa furaha. "Kama kahawa iko nje, aliyeitoa ni nani?"

"Mapema hivi?" Kansiime aliuliza. "Sisi baba hatoi kahawa mpaka umande ukauke. Ikilowa umande inaota kuvu, chama cha ushirika hawaipokei."

"Babu yangu hamngojei mtu. Hata jua halingojei."

Kisha akaweka mikono mdomoni.

"Kaamkaaa!"

"Asante mwanangu!"

Wakakimbia shuleni, wakawahi namba. Siku hiyo Mugisha hakupata la kusema.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha hisabati. Mwalimu Placidius aliandika hesabu za sehemu ubaoni. Kokugonza alikaa karibu na dirisha, viatu vyake vimelowa, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ukungu ulikuwa unaanza kuondoka. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja alitoka nyumbani kwake na kapu la kahawa. Akaliweka chini. Akapapasa nyasi kwa kiganja kuona kama zimekauka, akatikisa kichwa, akalirudisha kapu ndani.

Kokugonza alimtazama yule mama akiingia. Ilikuwa imeshapita saa mbili.

Mkono wake uliacha kuandika. Babu alimfundisha mwenyewe kuanika kahawa. Jioni jua likizama, kusanya, funika, ingiza ndani. Asubuhi toa nyasi zikiwa kavu. Babu aliwahi kumgombeza baba, mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu ya kahawa iliyokaa nje robo saa ya jioni. Mtu kama huyo anaanika saa kumi na mbili na nusu ndani ya ukungu?

Hakuianika. Hakuna aliyeitoa asubuhi. Ilitoka jana, na jana jioni hapakuwa na mtu wa kuiingiza.

Alisimama ghafla hadi dawati likalia.

"Kokugonza, una jibu?" aliuliza mwalimu.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Babu yangu ameanguka."

"Nani amekwambia?"

"Kahawa yake imelala nje."

Darasa lilicheka. Mugisha alianza, "Askari..." lakini Mwalimu Placidius alimkata kwa jicho. Yeye naye alikuwa na mibuni kwao. Alimwita Kokugonza mlangoni.

"Mbona asubuhi nilipita njiani nikakusikia ukipiga kelele kwamba kaamka? Ulimwona au hukumwona?"

Kokugonza alitazama viatu vyake vilivyolowa. Angeweza kusema alimwona, kisha aombe ruhusa kwa sababu nyingine. Lakini jibu hilo lingemchelewesha babu tena.

"Sikumwona, mwalimu. Niliona kahawa."

"Na jana?"

"Niliona moshi."

"Na juzi?"

Machozi yalianza kumtoka. "Ni wiki mbili, mwalimu. Nawadanganya. Sishuki."

Mwalimu alirudi ndani. Alimwagiza kiranja ashike darasa, akachukua pikipiki yake, na Kokugonza akapanda nyuma. Kabla hawajaondoka alimpigia Dastan simu. Njiani Kokugonza alifumba macho. Alihesabu saa kwa vidole kwenye koti la mwalimu: kuanzia jua kuzama hadi sasa, karibu kumi na nne. Kwa baridi ile. Mzee wa miaka sabini na minane.

Walipofika uwanjani palikuwa kimya, mbuzi tu wakilia kwa njaa. Kokugonza aliinama akagusa kahawa. Ilikuwa imelowa kama iliyooshwa.

Ndani ya nyumba simu ilianza kuita. Iliita, ikaita, ikakatika, ikaanza tena. Ilikuwa ile simu ya shangazi, nyuma ya kalenda, na anayepiga ni Dastan. Mwalimu alisukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi.

"Babu!" Kokugonza aliita. "Babuu!"

Akasikia kikohozi. Kilitoka nyuma ya nyumba, kwenye njia inayoshuka chemchemini. Alikimbia. Dumu la njano lilikuwa limeviringika hadi kwenye shina la mgomba. Kando yake palikuwa na rundo la majani makavu ya migomba, na ndani ya rundo, uso wa babu, midomo imepauka, macho wazi.

Babu alikuwa ameteleza na dumu la maji jana jioni. Mguu wake ulikataa. Alijivuta kwa viwiko mpaka penye majani makavu, akajifukia humo kama mtu anayefukia ndizi ziive. Hilo ndilo lililomwokoa.

Alimtazama mjukuu wake.

"Kumbe ni wewe," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "unayetangaza kwamba nimeamka."

Kokugonza alipiga magoti. Akaanza kumtoa majani usoni.

"Nilikusikia. Nikasema, haya, sasa nimepona, Koku yupo hapo juu. Nikaita. Sauti haikutoka. Halafu nikasikia mama yako anakushukuru."

Baba alifika akihema, mama akiwa nyuma yake na majirani wanne wenye machela. Bodaboda haikufaa kwa mguu ule. Ilibidi kumbeba hadi ng'ambo ya daraja, ambako Ndyamukama, mnunuzi wa kahawa, alikuwa ameombwa alete pikapu yake. Babu alipoiona machela aliushika mgomba.

"Si kwa daraja lile. Mke wangu alikata roho pale."

"Baba, hakuna njia nyingine," Dastan alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nakuomba."

"Nitakushika mkono, babu," alisema Kokugonza. "Sitauachia."

Babu alimtazama tena. Hakuwa na sababu ya kumwamini, lakini aliuachia mgomba.

Daraja lilikuwa magogo matatu na mapengo. Wabebaji walipita polepole, wakihesabu hatua kwa sauti. Katikati jirani mmoja, Yustus, aliteleza, machela ikainama, na mama akapiga ukunga. Kokugonza aliutazama uso wa babu. Macho yalikuwa yamefungwa. Vidole vilikuwa baridi kama vijiko. Akavifinya. Muda ulipita, mrefu mno, kisha vidole vikamfinya yeye.

Hospitalini walikuta mfupa wa chini ya goti umepasuka. Babu alipata baridi ya kifua pia, na kwa siku tatu madaktari hawakutaka kusema neno la uhakika. Siku hizo Kokugonza hakula vizuri. Aliufukua mtaro wa shamba, akatoa maganda yote aliyotupa, yaliyooza na meusi, akayapeleka kwenye shimo la mbolea mbele ya baba na mama, akaeleza yote bila kubakiza. Baba alichukua jembe akayafukia. Mama alilia, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakushukuru."

Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya saba babu alirudi, mguu ukiwa ndani ya plasta. Alikataa katakata kukaa kwa Dastan.

"Nipelekeni kwangu. Halafu kaeni chini wote, nina maneno."

Walikaa uwanjani kwake, baba, mama, Kokugonza na Mwalimu Placidius aliyekuja kumjulia hali.

"Mnakumbuka wale wakubwa wa maji?" babu alianza. "Walikuja na gari, vioo vimefungwa. Walifika pale kwenye bomba, hawakushuka. Waliona limesimama, limepakwa rangi, wakaandika kwenye karatasi yao kwamba Nyakashozi ina maji. Hakuna aliyefungua koki. Kwa karatasi ile hakuna fundi anayekuja, kwa sababu kwenye vitabu vyao sisi tunakunywa. Kama bomba lingetoa maji, mimi nisingekuwa na dumu kwenye ule mteremko."

Alimgeukia Kokugonza.

"Nimewatukana watu wale miaka mitatu. Sasa nambie, mjukuu wangu. Wewe uliposimama juu ya jiwe ukaona turubai, ukasema nimeamka, una tofauti gani na wao?"

"Sina, babu," Kokugonza alijibu huku akilia.

"Unayo moja. Wewe ulirudi, ukasema mbele ya mwalimu wako kwamba umedanganya. Ndiyo maana naongea hapa. Ukisema umeona, uwe umefika na umeona kwa macho yako. Kama hukufika, sema hukufika. Anayesikia atatafuta njia nyingine. Lakini ukimwambia mambo ni mazuri, ataacha kutafuta, na mtu atakufa huku watu wanashukuru. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Na nyinyi wawili msijifiche nyuma ya mtoto." Sasa aliwageukia Dastan na Vero. "Nyinyi ndio mliomfundisha. Mlimtuma kwa hila, mbuzi wana njaa, mbuzi wana njaa. Mtoto akijifunza kunificha mimi, atashindwaje kuwaficha nyinyi?"

"Ungekubali kama tungekuuliza?" Dastan aliuliza.

Mzee aliokota kijiti. Akaikuna plasta yake.

"Nisingekubali," alisema mwishowe. "Hilo ni kosa langu. Nilidhani kutomngojea mtu ni uanaume. Usiku ule nilimngojea kila mtu."

Siku hiyo walikubaliana wazi, mbele ya mwalimu. Kokugonza atashuka hadi mlangoni kila asubuhi, na babu atajua kwamba anakuja kumwangalia. Baba atateka maji kila jioni. Mwalimu Placidius aliahidi kwamba mtoto akichelewa kwa sababu hiyo hataadhibiwa. Ile simu nayo ilitoka nyuma ya kalenda, babu akaivaa ndani ya shati.

"Si kwa ajili ya kitufe," alisema haraka. "Ina tochi nzuri."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu tena. Kokugonza alishuka na ndoo ya maganda, sketi imelowa hadi kiunoni. Alipopanda hadi kwenye jiwe, Mugisha alikuwa akipita njiani. Alimtazama akiweka mikono mdomoni, akafungua mdomo amwite lile jina, kisha akaufunga.

"Mamaa!" Kokugonza aliita. "Babu kakaa kizingitini! Kala kiazi na chai! Kikohozi kimepungua! Kahawa iko ndani! Na anasema ndoo yangu ina maganda machache, kwani tumerudia wali?"

Kicheko cha mama kilisikika kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha, kutoka chini ya migomba, ilipanda sauti nyingine ya kukwaruza, lakini safari hii ilifika.

"Mwambie ni kweli!"